George Mikan: nani alimtengeneza senta wa kwanza?

Ubishi wa mpira wa kikapu ukianza pale vimbweta, haumalizi dakika kumi kabla ya kumfikia Hasheem Thabeet. Kijana wa Dar es Salaam, futi 7 na inchi 3, mwaka 2009 anachaguliwa wa pili katika orodha nzima ya wachezaji wapya wa NBA na kwenda Memphis Grizzlies. Baada ya hapo mambo hayakwenda kama tulivyoota. Kundi moja linasema jamaa alianza kucheza amechelewa. Kundi jingine linasema makocha hawakumpa muda wa kukomaa. Kila kundi lina wazee wake na hakuna anayeshuka.

Mimi nikifikiwa na zamu ya kusema, siku hizi namtaja marehemu George Mikan. Wengi wananitazama kama nimekosea mlango. Ni haki yao, maana jamaa alistaafu miaka ya hamsini na picha zake ni za rangi nyeusi na nyeupe, kijana mrefu mwenye miwani minene kama mhasibu. Lakini ukitaka kujua kama senta huzaliwa au hutengenezwa, maisha yake ni kesi nzuri ya kuanzia.

Mikan alizaliwa tarehe 18 Juni 1924 katika mji wa Joliet, jimbo la Illinois, kwenye familia yenye asili ya Kroatia. Utotoni alivunjika goti vibaya akalala kitandani muda mrefu. Macho nayo yalikuwa mabovu. Alitaka kuwa padri, akaingia seminari ndogo ya Quigley kule Chicago, kisha akarudi nyumbani. Alipojaribu kujiunga na timu ya shule, kocha alimwondoa kwa sababu ya miwani. Kwa mawazo ya wakati ule, mchezaji wa kikapu alikuwa mtu mfupi kiasi, mwepesi, anayekimbia. Mrefu alionekana mzigo: anajikwaa, anachelewa kugeuka, anachekesha watazamaji.

Alipomaliza sekondari alikwenda kujaribiwa Notre Dame, chuo chenye jina kubwa. Kocha wa pale, George Keogan, alimtazama akaona hafai, akamrudisha DePaul, chuo kidogo cha Wakatoliki mjini Chicago. Kwa lugha yetu ya hapa chuoni, jamaa alidisko kabla hata hajapewa namba ya usajili.

Sasa hapa ndipo kundi la makocha linapopata nguvu. Mwaka 1942 DePaul ilimwajiri kocha mpya, Ray Meyer, kijana wa miaka 28 tu. Meyer alimkuta huyu mrefu wa futi 6 na inchi 10, mzito wa miguu, mwenye aibu, anayetembea kwa kujikunja kama vile anaomba radhi kwa urefu wake. Kocha mwingine angemweka benchi aje kushika mpira wakati wa kupasha misuli. Meyer alimwandalia mtaala.

Na mtaala wenyewe si mchezo. Alimrusha kamba kama watoto wa shule ya msingi. Alimfanyisha ngumi za kivuli kama bondia, ili mikono na miguu ijifunze kwenda pamoja. Alimpeleka kujifunza dansi, ndiyo, dansi ya muziki kabisa, ili apate mwendo na aache kuogopa watu. Alimpambanisha na mchezaji mfupi na mwepesi, mmoja kwa mmoja, Mikan akimfukuza uwanja mzima hadi anajifunza kugeuka. Halafu kila siku alimtaka arushe mpira mara mamia kwa ule mtupo wa kuuzungusha mkono mmoja juu ya kichwa, kwanza mkono wa kulia, kisha wa kushoto, hadi ikawa hakuna tofauti.

Humo ndimo lilimotoka zoezi ambalo hadi leo linaitwa kwa jina lake. Unasimama chini ya kikapu, unafunga kwa mkono wa kulia upande wa kulia, unaudaka mpira kabla haujagusa chini, unavuka, unafunga kwa kushoto upande wa kushoto, unaudaka tena. Hakuna kupumzika. Watoto wanalifanya kwenye viwanja vya saruji, watu wazima wa NBA wanalifanya. Mimi nimelifanya jioni nyingi hapa chuoni na nakwambia dakika ya pili tu mabega yanawaka moto.

Matokeo yalikuja haraka. Mikan na mrefu mwenzake wa Oklahoma A&M, Bob Kurland, walikuwa wanasimama karibu na ringi na kuipangua mipira iliyokuwa inashuka kuingia. Ilibidi vyuo vya Marekani vibadili sheria, na kuanzia msimu wa 1944–45 ikawa marufuku kuugusa mpira unaoshuka kuelekea kikapuni. Mwaka huohuo wa 1945, kwenye mashindano ya NIT, DePaul waliifunga Rhode Island 97 kwa 53. Mikan peke yake alifunga pointi 53, yaani sawasawa na timu nzima ya wapinzani. Kwenye fainali wakawapiga Bowling Green wakachukua kombe.

Wasomaji wa kundi la pili, wale wa kipaji na juhudi binafsi, najua mnasubiri. Hoja yenu ni kwamba Meyer alifundisha chuoni pale miaka 42, hadi 1984, na wachezaji warefu walipita wengi, lakini Mikan alikuwa mmoja. Kwamba kocha hakumrukia mtu kamba. Anayeruka ni mwenyewe, na kijana aliyekwisha kukataliwa mara mbili alikuwa na njaa ambayo hafundishwi mtu. Hoja hii ina uzito, siikatai.

Lakini mtazameni Kurland. Naye alikuwa mrefu kupita kiasi, naye alidharauliwa, naye akakutana na kocha mwenye subira, Henry Iba. Akatoka bingwa wa vyuo mara mbili na baadaye dhahabu mbili za Olimpiki, 1948 na 1952. Warefu wawili wa kizazi kimoja, makocha wawili waliokubali kupoteza muda. Mimi siamini kuwa ni bahati.

Baada ya chuo Mikan alijiunga na Chicago American Gears, wakawa mabingwa wa ligi ya NBL mwaka 1947. Tajiri wa timu akajaribu kuanzisha ligi yake mwenyewe, ikafa mapema, na Mikan akaangukia Minneapolis Lakers. Huko alimkuta kocha mwingine kijana, John Kundla. Kazi ya Kundla ilikuwa tofauti na ya Meyer. Senta alikuwa ameshaiva, kilichobaki ni kujenga nyumba ya kumzunguka. Alimtumia pamoja na Jim Pollard aliyekuwa anaruka sana, na Vern Mikkelsen, ambaye kiasili naye alikuwa senta, akamsogeza pembeni acheze akitazama ringi ili wawili hao wasigongane. Kwa mpango huo Lakers walitwaa ubingwa 1948, 1949, 1950, 1952, 1953 na 1954.

Ligi ikahangaika naye. Kwa msimu wa 1951–52 njia iliyo mbele ya kikapu ilipanuliwa kutoka futi 6 hadi futi 12 ili asikae karibu. Tarehe 22 Novemba 1950 Fort Wayne Pistons waliamua kuushika mpira bila kurusha, wakashinda 19 kwa 18. Katika zile 18 za Lakers, Mikan alifunga 15. Michezo ya aina hiyo ndiyo iliyofanya ligi ilete saa ya sekunde 24 mwaka 1954, kabla watazamaji hawajalala viwanjani.

Tusimpambe kupita kiasi lakini. NBA ya wakati huo haikuwa na mchezaji mweusi hadi 1950. Mwaka 1948 Lakers, akiwemo Mikan, walicheza na Harlem Globetrotters kule Chicago, timu ya weusi ambayo wazungu wengi waliichukulia kama kikundi cha vichekesho. Globetrotters walishinda 61 kwa 59. Kwa hiyo anayesema Mikan alikuwa bora duniani wakati ule aongeze kwamba kuna wanaume waliozuiwa mlangoni, hatujui wangefika wapi wangepata Meyer wao.

Na kuna jambo moja linalotutatiza wote, kundi la kocha na kundi la kipaji. Msimu wa 1957–58 Mikan mwenyewe alipewa Lakers awe kocha. Alishinda mechi 9, akapoteza 30, akaondoka, Kundla akarudi. Mwanafunzi aliyefundishwa kuliko wote hakuweza kufundisha. Naliona hilo kama ushahidi kwamba kazi ya Meyer ilikuwa ujuzi kamili, sio kupiga filimbi tu na kusema tukimbie. Wahenga wametuambia samaki mkunje angali mbichi. Mikan alifika DePaul ana miaka 18, wengi wakamwona ameshakauka. Meyer alijua namna ya kumlowanisha.

Mikan alisomea sheria palepale DePaul, akafanya kazi ya uwakili, akagombea ubunge wa Marekani mwaka 1956 akashindwa, na mwaka 1967 akawa kamishna wa kwanza wa ligi ya ABA, ile ya mpira wenye rangi nyekundu, nyeupe na bluu. Uzeeni kisukari kilimwandama. Mwaka 2000 alikatwa mguu. Alikuwa anapigania pensheni ya wachezaji wa zamani, waliocheza kabla ya 1965, maana walilipwa kidogo mno na ligi ambayo wao ndio waliijenga. Alifariki tarehe 1 Juni 2005 huko Scottsdale, Arizona, akiwa na miaka 80. Shaquille O'Neal, senta wa kizazi kingine, ndiye aliyejitolea kulipia mazishi.

Hapo ndipo mimi nauona uzito wa ubishi wetu. Kumtengeneza mtu ni kazi ya miaka na kuna waliomfanyia Mikan kazi hiyo vizuri. Kumtunza akishamaliza kukutengenezea jina ni kazi nyingine, na hiyo ligi haikuifanya. Kila timu ya chuo, ikiwemo yetu, ina kijana mrefu anayejikwaa mazoezini huku wenzake wakicheka. Kabla hatujamwambia akajaribu mchezo mwingine, tumtafutie kamba, tumtafutie mtu mfupi wa kumkimbiza, tumpe msimu mzima.