Jean de Heinzelin, Mbelgiji aliyechimbua Ishango na kukosea umri wake

Mwaka 1950, pale mto Semliki unapotoka Ziwa Edouard, katika jimbo la sasa la Kivu ya Kaskazini, mwanajiolojia kijana kutoka Ubelgiji alifungua shimo katika kingo ya mto. Jina lake ni Jean de Heinzelin de Braucourt. Alikuwa na miaka kama 30 tu. Mahali hapo panaitwa Ishango, ndani ya mbuga ambayo wakati huo iliitwa Albert na leo ni Virunga.

Hakuwa wa kwanza kufika. Miaka ya 1930 Mbelgiji mwingine, Hubert Damas, aliyekuja kuchunguza maji ya maziwa, alikuwa ameokota hapo mabaki ya binadamu wa kale. Lakini ni de Heinzelin aliyechimba kwa utaratibu, tabaka kwa tabaka. Alitoa vyusa vya mifupa vyenye meno pembeni, silaha za kuvulia samaki, pamoja na mawe yaliyochongwa, mifupa mingi ya samaki na wanyama, na vipande vya mafuvu na mataya ya watu. Hao walikuwa wavuvi walioishi ukingoni mwa ziwa, na makazi yao yalifunikwa na udongo na majivu ya volkano.

Kati ya vitu hivyo kulikuwa na mfupa mdogo wa kahawia, wa sentimita kama 10, wenye kipande cha jiwe la kwatsi kwenye ncha. Umechorwa mikato katika safu tatu. Safu moja ina mafungu ya mikato 11, 13, 17 na 19. Nyingine 11, 21, 19 na 9. Jumlisha kila moja: ni 60. De Heinzelin aliona hapo watu waliojua kuhesabu, na mwaka 1962 aliandika hivyo katika jarida kubwa la sayansi la Marekani. Alifika mbali zaidi: alidhani ufundi wa vyusa na ujuzi wa hesabu vilisafiri kutoka Ishango kufuata Nile hadi Misri. Miaka kumi baadaye Mmarekani Alexander Marshack alisema mikato hiyo inafuata mwezi. Wapo pia wanaoamini ilikuwa ya kushikia tu ili mkono usiteleze. Ubishi haujakwisha, na habari ya Misri ndiyo yenye ushahidi mdogo kuliko zote.

Katika umri wa Ishango, de Heinzelin alikosea, tena kwa upande usiotarajiwa. Kipimo cha kaboni kwenye makombe ya konokono wa ziwa kilitoa miaka kama 21,000. Yeye hakukiamini, kwa hoja kwamba maji ya Ziwa Edouard yana kaboni ya kale inayodanganya kipimo, akaweka Ishango kwenye miaka kati ya 8,000 na 11,000 hivi. Hoja yenyewe haikuwa ya kijinga. Lakini wachunguzi waliorudi huko miaka ya 1980, akiwemo Mmarekani Alison Brooks, walionyesha kwamba umri wa kweli ni kama miaka 20,000 hadi 25,000. Wavuvi wa Semliki walikuwa wa zamani zaidi ya mara mbili kuliko alivyowapa.

Bonde hilo lina ya kale zaidi. Katanda, chini kidogo kwenye mto huohuo, ilitoa vyusa vinavyokadiriwa kuwa na miaka 90,000, na Senga ilitoa mawe yaliyochongwa yanayokadiriwa kufikia miaka milioni mbili.

Msomaji wa Niemba au Kalemie atauliza kwa nini ni Semliki na si kwetu. Ziwa Tanganyika limo katika bonde lilelile la ufa linaloanza juu, Ziwa Albert, likipitia Edouard na Kivu. Lakini ili mfupa udumu, unahitaji kufunikwa haraka na matope au majivu, kisha mto uje kuukata udongo huo na kuufunua. Semliki umefanya kazi zote mbili. Upande wa Lukuga, mawe yenye makaa yanayojulikana tangu ukoloni yana umri wa zaidi ya miaka milioni 250. Humo mtu atakuta alama za majani ya kale. Binadamu hakuwepo bado.

Baada ya uhuru, de Heinzelin, aliyefundisha katika chuo kikuu cha Gand, aliendelea na Afrika. Alifanya kazi Nubia, Sudani. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa kusini mwa Ethiopia, bonde la Omo, ambako alipanga matabaka ya udongo kwa kufuata majivu ya volkano, kazi ngumu isiyo na sifa, lakini bila hiyo hakuna anayejua fuvu lipi lilitangulia lipi. Uzeeni alikuwa bado Ethiopia, Bouri, ambako mifupa ya wanyama ya miaka milioni 2.5 ilikutwa na alama za kukatwa kwa mawe. Alifariki Novemba 1998. Makala ya Bouri ilitoka Aprili 1999, jina lake likiwa la kwanza.

Mabaki ya watu wa Ishango yalichunguzwa upya, na matokeo ya mwaka 2016 yalionyesha kwamba watu wa wakati ule Afrika walitofautiana kimaumbile kuliko ilivyodhaniwa. Uchunguzi huo ulifanyika kwenye mifupa iliyobebwa Ulaya. Mfupa wenye mikato uko Bruxelles, katika jumba la makumbusho ya sayansi asilia, na mtoto wa Beni anayetaka kuuona kwa macho yake anahitaji visa. Huko Ishango penyewe, usalama mdogo wa Virunga umefanya uchimbaji kuwa mgumu kwa miaka mingi.