Apolo Aliyerudi kwa Tabaro

Pale Sigalagala, kando ya barabara ya Kisumu na Kakamega, makanisa si haba, na wazee wa makanisa hayo wanamfahamu muumini wa namna ile: mgomvi, mwenye kinyongo, asiyeshaurika. Wapo wanaotaka atengwe upesi ili wengine wapumue. Kabla ya shauri hilo kukatwa, afadhali akumbukwe Mganda mmoja, hayati Apolo Kivebulaya, ambaye mtu wake mgumu alikuwa mtawala mwenye mijeledi.

Apolo alizaliwa Buganda mnamo 1864, akaitwa Waswa kwa kuwa alikuwa pacha. Ujanani aliwahi kufuata Uislamu, akapigana vita pia. Alibatizwa mwaka 1895, na mwaka huo huo akaenda Toro kufundisha dini. Mwisho wa 1896 alivuka bonde la mto Semliki hadi Mboga, ukingoni mwa msitu wa Ituri, nchi ambayo leo imo Kongo. Walimu wawili waliomtangulia walikwisha kurudi, maana Tabaro, mtawala wa pale, aliwanyima chakula. Apolo alishika jembe akajilimia.

Asidhani mtu kwamba alikuwa mpole wa kufumbia macho maovu. Aliyakemea mambo ambayo Tabaro aliyapenda, ulevi na wingi wa wake, na watu walipoanza kumsikiliza mgeni huyu, mtawala aliona mamlaka yake yanaliwa. Apolo alipigwa vibaya. Hata hivyo hakuondoka.

Kisha, mwaka 1898, dada yake Tabaro alichomwa na mkuki kwa ajali huko kwa Apolo, akafa. Tabaro alimshtaki mwalimu kwa mauaji. Apolo alipelekwa Toro akiwa amefungwa, akatiwa gerezani katika mji unaoitwa sasa Fort Portal. Baadaye alisimulia kwamba katika dhiki za siku zile Kristo alimtokea akamtia moyo.

Alipoachiliwa huru angeweza kubaki Toro, ambako alipendwa, na nani angemlaumu? Alirudi Mboga, kwa mtu yule yule. Hakudai aombwe radhi kwanza, wala hakuacha kufundisha yale yaliyomuudhi mtawala. Tabaro alimwona amerudi bila kisasi, naye akaanza kusikiliza. Mwishowe aliyemshtaki Apolo kwa mauaji alibatizwa.

Apolo alifanywa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903. Hakuoa kamwe. Mwaka 1921 akaanza kazi kati ya Wambuti wa msituni, watu waliodharauliwa na majirani zao.

Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Desturi ilikuwa kumlaza maiti kichwa kikielekea mashariki. Yeye aliagiza chake kielekezwe magharibi, kwenye msitu ambako kazi yake ilikuwa haijakwisha.