Dhan Gopal Mukerji: Mbengali aliyewafungulia watoto wa Marekani mlango wa India

Mwaka 1928 wakutubi wa Marekani walitoa medali ya Newbery, tuzo kubwa kuliko zote za vitabu vya watoto nchini humo, kwa mwandishi ambaye sheria za nchi hiyo hiyo zilisema hawezi kuwa raia wake. Jina lake lilikuwa Dhan Gopal Mukerji. Kitabu kilichompa tuzo kilihusu njiwa.

Mukerji alizaliwa Julai 6, 1890, karibu na jiji la Calcutta, ambalo leo huitwa Kolkata, katika jimbo la Bengal. Ukoo wao ulikuwa wa Wabrahmini, yaani tabaka la makuhani, na familia ilikuwa na hekalu la kulitunza. Alipofika miaka 14 alitawazwa kuwa kuhani, akazunguka nchi akiishi kwa kuomba kama ilivyokuwa desturi. Lakini kazi ya hekaluni haikumshika. Aliingia Chuo Kikuu cha Calcutta, na huko akakutana na siasa.

Siasa hiyo ilikuwa nyumbani kwao pia. Kaka yake, Jadugopal, alikuwa miongoni mwa vijana wa Bengal walioamini kwamba Mwingereza hataondoka kwa maombi, ataondoka kwa silaha. Baadaye Jadugopal alikuja kuwa kiongozi wa kundi la siri la Jugantar, akaishi mafichoni kwa miaka kadhaa, na mwaka 1923 akakamatwa. Alikaa kizuizini hadi 1927. Akili moja ya familia ile ilichagua bunduki, nyingine ikachagua kalamu, na hakuna ushahidi kwamba ndugu hao walipungukiwa na upendo kwa sababu hiyo.

Dhan Gopal alikwenda kwanza Japani kujifunza ufundi wa viwanda. Alichokiona viwandani hakikumpendeza, maana binadamu alifanywa sehemu ya mashine. Mwaka 1910, akiwa na umri wa miaka 20, alivuka bahari hadi San Francisco.

Hakufika kama mgeni wa heshima. Jambo hili ni muhimu kulielewa, kwa sababu miaka michache baadaye Mbengali mwingine, Rabindranath Tagore, alishinda tuzo ya Nobel mwaka 1913 na akapokewa Marekani kwa kumbi zilizojaa watu. Mukerji alikuwa akiosha vyombo, akihudumia mezani na kuvuna mazao mashambani huko California ili alipe karo. Alisoma Berkeley, kisha Stanford, ambako alihitimu mwaka 1914. Marafiki zake wa wakati huo walikuwa vibarua, washairi na wanasiasa wasiotaka serikali ya aina yoyote, na aliwachora baadaye kwa ucheshi na huruma.

Mwaka huo huo wa 1914 ilitoka tafsiri ya tamthilia ya Kibengali ya Girish Chandra Ghosh aliyoifanya pamoja na mshairi Mary Carolyn Davies. Zikafuata diwani mbili za mashairi, mwaka 1916 na 1917, alizoziandika kwa Kiingereza. Hazikumpa jina kubwa.

Katika miaka hiyo ya California likatokea jambo dogo lenye matokeo makubwa. Mwaka 1916 alifika Stanford mwanamapinduzi mmoja kutoka Bengal, Narendranath Bhattacharya, rafiki wa Jadugopal, akiwa anawakwepa makachero wa Uingereza. Mukerji alimshauri aachane na jina lake la zamani na aanze upya. Kijana yule akajiita M. N. Roy, na kwa jina hilo akaenda Meksiko kuwa mmoja wa waasisi wa chama cha kikomunisti cha huko. Mukerji mwenyewe hakumfuata.

Mwaka 1918 alimwoa Ethel Ray Dugan, Mmarekani, msanii na mwalimu. Walijaliwa mtoto mmoja wa kiume, na baadaye familia ikahamia New York. Hapo ndipo Mukerji alipoipata kazi yake hasa. Mwaka 1922 alitoa Kari the Elephant, hadithi ya mvulana wa miaka tisa anayekabidhiwa tembo mwenye umri wa miezi mitano amlee. Kabla yake, mtoto wa Marekani alilijua pori la India kupitia Rudyard Kipling, Mwingereza aliyezaliwa Bombay, ambaye kwake himaya ilikuwa jambo la kawaida kama mvua. Katika vitabu vya Mukerji, mwenye pori ndiye anayesimulia. Watu wake wanasali, wanafanya kazi, wanaogopa na kucheka bila kumsubiri afisa mzungu aje kuwaamulia.

Ilikuwa pia tafsiri ya namna yake. Mukerji alikuwa akihamisha maisha mazima kutoka Kibengali kwenda Kiingereza, kwa wasomaji ambao hawakuwa na neno hata moja la kushikia.

Mwaka 1923 alichapisha habari za maisha yake, Caste and Outcast, nusu ikiwa India na nusu Marekani. Mwaka huo huo, Februari, mahakama ya juu kabisa ya Marekani iliamua katika kesi ya Bhagat Singh Thind, mzaliwa wa Punjab aliyewahi kutumikia jeshi la Marekani, kwamba Mhindi si mzungu kwa maana ya sheria na hivyo hawezi kupewa uraia. Mlango wa kuingia nchini ulikuwa umeshafungwa kwa Waasia wengi tangu sheria ya 1917. Kwa hiyo mtu ambaye vitabu vyake vilisomwa na watoto wa Marekani aliishi humo kama mgeni wa kudumu.

Hakunyamaza. Katherine Mayo alipotoa kitabu chake Mother India mwaka 1927, akiwachora Wahindi kama watu wachafu wasioweza kujitawala, Mukerji alimjibu kwa kitabu kizima mwaka uliofuata. Kabla ya hapo, mwaka 1926, alikuwa ameandika juu ya mtawa wa Bengal, Ramakrishna. Kitabu hicho ndicho kilichomfanya Romain Rolland wa Ufaransa apendezwe na mtawa huyo hadi akaandika wasifu wake. Jawaharlal Nehru naye alikuwa rafiki yake.

Na sasa yule njiwa. Gay-Neck ilitoka mwaka 1927. Njiwa anafunzwa juu ya mapaa ya Calcutta, anaruka hadi milima ya Himalaya, kisha anapelekwa Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza kubeba ujumbe wa jeshi la Wahindi. Askari hao waliopigana vita visivyo vyao wanajulikana hata Afrika Mashariki, maana wenzao waliteremshwa Tanga Novemba 1914. Lakini sura zenye uzito zaidi ni za baada ya vita. Njiwa na mwindaji aliyekwenda naye wanarudi wazima wa mwili lakini hofu imewaingia, na wanahitaji watawa wa mlimani kuitoa. Kwa anayejua mwisho wa mwandishi, kurasa hizo hazisomeki kwa wepesi.

Si kila alichoandika kilikuwa na nguvu hiyo. Wakati mwingine aliipamba India kupita kiasi, kama afanyavyo mtu anayejua kwamba msikilizaji amekwisha kusikia mabaya tu. Mwaka 1931 alitoa tafsiri yake ya Bhagavad Gita, lakini miaka ya mwisho ilikuwa mizito kwake, na huzuni ilimrudia mara kwa mara. Julai 14, 1936, alijitoa uhai nyumbani kwake New York. Alikuwa na miaka 46.

Miaka 10 baadaye, mwaka 1946, sheria mpya iliwaruhusu Wahindi kuwa raia wa Marekani, na ikaweka nafasi 100 tu kwa mwaka kwa wahamiaji wapya kutoka India. Gay-Neck bado inachapishwa. Caste and Outcast nayo ilitolewa upya mwaka 2002 na wachapishaji wa Chuo Kikuu cha Stanford, pale pale alipohitimu mwaka 1914.