Salahuddin alikasirika pia, ila alijua wakati wa kunyamaza

Miezi michache iliyopita nilimfokea kijana mmoja kazini mbele ya wateja. Mimi ndiye msimamizi wa ghala, yeye alikuwa karani. Katoni za mafuta ya kupikia zilikuwa zimepungua na sikutaka kusikia maelezo. Nilimwita mzembe, nikamwita mwizi, kisha nikamwonyesha mlango. Jioni, nikipitia makaratasi, nikaona kosa ni langu. Nilikuwa nimetia sahihi ya kupokea mzigo bila kuuhesabu. Kesho yake kijana hakurudi.

Ndugu msomaji, mimi nina stashahada ya mambo haya ya usimamizi. Tulifundishwa kupanga, kuajiri na kukagua. Lakini mtu afanye nini pale hasira inapompanda kooni, hilo sikumbuki kulisoma. Usiku ule usingizi ulinikimbia, na siku zilizofuata nikarudi kwa mtu ambaye maalim wetu wa chuoni alipenda kutusimulia, Sultani Salahuddin al-Ayyubi. Utotoni tulimpenda kwa upanga wake. Safari hii nilimsoma nikitafuta kitu kingine.

Salahuddin alikuwa Mkurdi, aliyezaliwa Tikrit, nchi ya Iraq, mnamo 1137 au 1138. Baba yake, Najmuddin Ayyub, na ami yake, Shirkuh, walikuwa watumishi wakubwa wa Sultani Nuruddin wa Sham. Shirkuh alipotumwa Misri kwa vita alimchukua kijana huyu, na inasimuliwa kwamba hakwenda kwa hiari ya moyo. Mwaka 1169 Shirkuh alifariki baada ya kushika uwaziri wa Misri kwa miezi miwili tu. Cheo kikamwangukia Salahuddin, umri wake kama miaka 31.

Kadhi Bahauddin ibn Shaddad, aliyeishi naye miaka ya mwisho na kuandika maisha yake, anasema kwamba alipopata madaraka Salahuddin aliacha mvinyo na starehe za ujana. Hapo nilisimama kidogo. Wengi wetu tukipewa cheo, la kwanza ni kubadilisha kiti, gari na namna ya kuitikia salamu. Yeye alianza na nafsi yake.

Si kwamba mambo yalimnyookea. Baada ya Nuruddin kufariki mwaka 1174, alitumia miaka mingi kuunganisha Misri na Sham, mara nyingine akipigana na Waislamu wenzake. Mwaka 1177, huko Montgisard, alishindwa vibaya na kurudi Misri na mabaki ya jeshi lake. Ilimchukua miaka 10 mpaka kufikia Hittin, mwezi wa Julai 1187, alipolivunja jeshi kubwa la watu wa Vita vya Msalaba.

Naomba nisimpambe. Salahuddin alikuwa na hasira, tena kali. Bwana mmoja, Reynald de Châtillon, alikuwa ameshambulia msafara wa Waislamu wakati wa mapatano ya amani. Kabla ya hapo alikuwa ametuma majahazi Bahari ya Shamu, hata miji mitakatifu ikaingiwa na hofu. Salahuddin aliapa kumuua kwa mkono wake. Baada ya Hittin, Reynald na Mfalme Guy waliletwa hemani mwake. Mfalme alipewa maji baridi, akanywa, akampitishia Reynald. Salahuddin akabainisha kwamba maji yale hakumpa yeye, kwa sababu kwa desturi yao mateka aliyepewa kinywaji na mwenyeji wake huwa amepata amani. Kisha akampiga upanga mwenyewe. Mfalme akatulizwa, akabaki hai, na baadaye akaachiliwa.

Miezi mitatu baadaye alikuwa nje ya kuta za Baitul-Maqdis. Watu wa Msalaba walipoutwaa mji ule mwaka 1099 walichinja wakazi wake, na kumbukumbu hiyo ilikuwa bado inauma. Mwanzoni Salahuddin alitaka kuuingia kwa upanga, alipe kisasi. Balian wa Ibelin, aliyekuwa akiulinda, akatisha kwamba watawaua mateka wa Kiislamu na kubomoa mahali patakatifu kabla ya kufa. Salahuddin akashauriana na watu wake, akabadili uamuzi. Mji ulisalimu amri tarehe 2 Oktoba 1187, sawa na tarehe 27 Rajab, bila ya mauaji yale ya 1099. Wakazi walitozwa fidia, dinari 10 kwa mwanamume na 5 kwa mwanamke. Yeye na ndugu yake al-Adil waliwaachilia maelfu ya maskini bila malipo, japo maelfu wengine waliokosa fidia walichukuliwa utumwani.

Tazama alivyokuwa amesimama pale. Alikuwa na sababu ya kukasirika, alikuwa na nguvu, na hakuna ambaye angemzuia. Ila kati ya hasira na amri aliweka nafasi ya kumsikiliza mtu, hata kama mtu huyo ni adui anayetisha. Mimi sikumpa karani wangu hata dakika moja.

Na nafasi hiyo ilipokosekana, matokeo yalionekana. Agosti 1191 Mfalme Richard wa Uingereza aliamuru mateka wa Kiislamu kama 2,700 wauawe nje ya mji wa Akka. Siku zilizofuata Salahuddin naye aliamuru mateka waliokamatwa wauawe, watu ambao hawakuwa na mkono katika amri ya Richard. Wanaompenda hupita hapo harakaharaka. Mimi naona tusimame, maana ndipo panapotuonyesha kwamba hakuumbwa mpole. Upole wake ulikuwa kazi ya kila siku, na siku nyingine kazi ilimshinda.

Huzuni nayo aliipa mahali pake. Mwaka huohuo alifariki mpwa wake Taqiyuddin, kamanda aliyemtegemea sana. Salahuddin alipopata barua aliwaondoa watu, akalia sana. Kisha akawataka wachache waliokuwapo waifiche habari hiyo ili adui asiijue, akanawa macho kwa maji ya marashi, akaagiza chakula. Alilia kama binadamu, halafu akarudi kwa watu waliokuwa wakimngojea. Sisi wanaume wa huku kwetu machozi tunayameza, kisha tunayatoa kwa njia ya matusi kwa watoto na wafanyakazi.

Kisa kinachonifurahisha zaidi ni kidogo sana. Siku moja watumishi wake walikuwa wakitaniana, mmoja akamtupia mwenziwe kiatu. Kikamkosa mwenziwe, nusura kimpate Sultani. Salahuddin aligeuza uso upande wa pili, akaendelea kuzungumza kana kwamba hakuona. Mtu aliyetawala kutoka Misri hadi mipaka ya Iraq alichagua kutoona kiatu.

Tena mwaka 1192, huko Jaffa, askari wake waliochoka walikataa kushambulia, na mmoja wa makamanda akamjibu kwa ukali mbele ya watu. Salahuddin aliondoka kimya, amekasirika. Hata mwanawe alidhani siku hiyo vichwa vitaanguka. Hema lilipotulia, yalifika matunda kutoka Damascus. Sultani akawaita makamanda waje wale naye. Walikuja wakitetemeka, wakamkuta na uso mkunjufu. Septemba hiyo alifunga mkataba na Richard. Pwani kutoka Tiro hadi Jaffa ikabaki kwa Wakristo, Baitul-Maqdis ikabaki kwa Waislamu, na mahujaji wa Kikristo wakaruhusiwa kuuzuru mji kwa amani.

Alifariki Damascus tarehe 4 Machi 1193. Katika hazina yake binafsi kulikutwa dirham 47 na kipande kimoja cha dhahabu. Gharama za mazishi zilibidi zikopwe. Allah amrehemu.

Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba aliyekasirika akiwa amesimama na akae, na isipomtoka alale. Mafundisho haya tunayajua tangu chuoni, na tunayasahau mlangoni mwa ofisi. Nadhani siri yake ni ileile nafasi. Aliyekaa mkono wake haufiki mbali, na ulimi hupata muda wa kumezwa.

Nilikwenda nyumbani kwa kina yule kijana, Kisauni, baada ya Alasiri. Mamake alinikaribisha chai ya maziwa na mahamri, nami nilitamani ardhi inimeze. Nilimwomba radhi kijana mbele ya mamake. Asubuhi yake niliwakusanya wafanyakazi ghalani nikawaambia kosa la hesabu lilikuwa langu, kwa kuwa nilimtukana hadharani na radhi ya chumbani isingetosha.

Alinisamehe, ila hakurudi. Amepata kazi kwingine, na nilipompongeza alinijibu kwa adabu, akaniita mzee wangu. Nafasi yake imechukuliwa na karani mpya, binti mwenye haya. Juzi amekosea kuandika magunia 20 ya mchele. Nilihisi joto likipanda shingoni. Nikavuta kiti, nikakaa, nikamwambia anieleze taratibu ilivyokuwa.