SITI BINTI SAAD: MUUZA VYUNGU WA FUMBA

Akina mama wenzetu, ukiuliza fedha za hisa katika miaka hii kumi zimetoka wapi, jibu ni kwamba nyingi zimetoka miguuni. Huyu kabeba ndoo ya maandazi, yule furushi la vitenge, mwingine sabuni na mafuta ya nazi, mlango hadi mlango. Na hakuna anayetembeza ambaye hajatupiwa ile methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Inauma, hasa ikiwa umetoka alfajiri na mpaka adhuhuri hujauza hata kimoja. Ndiyo maana katika kijitabu hiki tumeweka maisha ya mama mmoja aliyetembeza mali kabla yetu, na jina lake halijafa mpaka leo.

Siti binti Saad alizaliwa kijiji cha Fumba, kusini mwa mji wa Unguja, karibu na mwaka 1880. Hakuzaliwa akiitwa Siti. Jina alilopewa ni Mtumwa, na wakati ule jina kama hilo lilikuwa linamtambulisha mtu mahali pake kabla hajafungua mdomo. Baba yake alikuwa Mzigua na mama yake Mnyamwezi, watu wenye asili ya bara, wanyonge wasio na shamba kubwa wala ukoo wa kujivunia. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, yeye akiwa tayari binti mkubwa. Shule hakuiona. Urithi alioupata nyumbani ulikuwa kazi ya mikono: kufinyanga vyungu.

Kazi hiyo siyo mchezo. Udongo huchimbwa, hupondwa, hukandwa, kisha chungu hufinyangwa, huanikwa na kuchomwa. Vingine hupasuka motoni, na hapo hujapata hata senti moja. Vilivyosalimika ndivyo vya kubeba kichwani hadi mjini, njia ya karibu kilomita 20. Ukijikwaa, mtaji wote uko chini vigae vitupu. Anayeuza vitenge akianguka hujipangusa vumbi akaendelea; muuza vyungu hurudi kwenye udongo akaanza upya. Siti alikua katika biashara ya namna hiyo, na ndiyo iliyomfunza kuanza upya bila kulia sana.

Alikuwa na kitu kimoja ambacho hakivunjiki, nacho ni sauti. Inasimuliwa kwamba akipita vijijini na mitaani alinadi vyungu vyake kwa kuimba, na watu wakamjua kwa sauti kabla hajafika mlangoni. Tuzingatie hapo. Hakukaa uani kungoja wateja, maana mji haukuwa na habari kwamba Fumba kuna binti anafinyanga. Alikwenda mwenyewe, akarudi tena, mpaka wakamzoea. Mteja asiyenunua leo chungu chake kitavunjika kesho, na atamkumbuka yule aliyepita akiimba.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na Ali Muhsin, mpiga muziki, ambaye alitambua kipaji chake akamfundisha uimbaji na ala. Taarabu ya siku zile ilikuwa ya wakubwa, ikiimbwa kwa Kiarabu, na vyama vyake kama Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, vilikuwa vya wanaume. Mwanamke wa shamba, asiyejua kusoma, aingie wapi? Alijifunza kwa sikio na kwa kurudiarudia. Akapata wenzake, wakiwamo Subeti bin Ambari, Buda bin Swedi, Mbaruku na mwalimu Shaaban, wakawa kundi moja. Wakaimba kwa Kiswahili, lugha ya sokoni na ya jikoni, na watu wa kawaida wakaona kwamba hata wao wana taarabu yao. Hapo ndipo akaanza kuitwa Siti, yaani bibi wa heshima. Mtumwa akawa Siti.

Lakini mafanikio hayanyamazishi maneno. Mara nyingine ndiyo huyachokoza. Mahasidi walimtungia wimbo wa kumkebehi, eti alikuwa mtu tangu lini, yeye aliyetoka shamba na kaniki zake. Kaniki, tukumbuke, ilikuwa nguo ya watu wa chini. Angeweza kukaa ndani kwa aibu, au kwenda kugombana barazani. Alijibu kwa kazi yake. Aliimba kwamba sura nzuri na ukoo si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Jibu hilo likapendwa kuliko tusi lenyewe. Kumbe aliyemtukana alimsaidia kutangaza biashara!

Mwaka 1928 Siti na kundi lake walisafiri kwa meli hadi Bombay, India, kurekodi nyimbo na kampuni ya HMV. Anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodiwa kwenye sahani za santuri. Sahani hizo ziliuzwa kwa makumi ya maelfu, zikapigwa majumbani na mikahawani katika pwani yote hadi bara. Yule aliyekuwa akipeleka sauti yake mlangoni kwa miguu, sasa sauti iliingia yenyewe katika nyumba ambazo hakuwahi kuziona.

Na hakusahau alikotoka. Aliimba juu ya hakimu asiyehukumu kwa haki, tajiri anayemwonea maskini, na mwanaume anayemdhuru mwanamke. Wimbo wake wa Kijiti ulieleza kisa cha mwanamke mgeni aliyeuawa. Muuaji akakimbilia bara, na lawama zikawaangukia wanawake waliotoa ushahidi. Mambo ambayo magazeti ya wakubwa yaliyapita kimya, Siti aliyaweka mdomoni mwa kila mtu.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Muda mfupi kabla ya hapo mwandishi Shaaban Robert alizungumza naye, akaandika wasifu wake, uliochapishwa mwaka 1958. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alijifunza kwa kumsikiliza. Na Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilipoanzisha gazeti lake mwaka 1988, kililiita Sauti ya Siti.

Basi, wanachama, tusidanganyane kwamba kila anayetembeza atafika Bombay. Wengi wetu tunatafuta ada ya shule na bati la nyumba, na hilo linatosha. Ila yapo ya kuchukua kwake. Pita mlango uleule zaidi ya mara moja. Uwe na alama yako ambayo mteja ataijua kabla hajakuona. Mali ikivunjika, rudi kwenye udongo. Ukitukanwa, jibu kwa kazi. Na usitembee peke yako; hata Siti alihitaji kundi, nasi tunalo hili letu.

Ile methali, tukiitupiwa tena, tunaweza kuwajibu kwamba chungu cha Fumba kilijitembeza, na kilikuwa kizuri.