Gary Gygax na Mizani ya Shujaa na Mchawi

Wahenga walituachia neno kwamba vidole vya mkono havilingani. Walijua vilevile kuwa vidole hivyo visivyolingana ndivyo vinavyoshika jembe na kalamu. Makala haya yanasimulia maisha ya mtu aliyejitwika kazi ya kuvipimia vidole hivyo nguvu zake ili kila kimoja kipate kazi ya kufanya. Mtu huyo ni Ernest Gary Gygax, mmoja wa wabunifu wawili wa mchezo wa Dungeons & Dragons.

Gygax alizaliwa tarehe 27 Julai 1938 mjini Chicago, Marekani. Babake alikuwa mhamiaji kutoka Uswisi na mpiga fidla katika okestra ya jiji hilo. Mwaka 1946 familia ilihamia Lake Geneva, mji mdogo katika jimbo la Wisconsin. Kijana Gary hakupendezwa na darasa, naye akaacha shule ya upili kabla ya kuhitimu. Hakuacha kusoma, hata hivyo. Alizama katika hadithi za mashujaa na wachawi, akapenda sataranji na michezo ya vita inayochezwa mezani kwa vinyago vya askari. Alipokuwa mtu mzima aliajiriwa katika bima. Mwaka 1970 kazi hiyo ilikatika, naye akawa anashona viatu katika chumba cha chini cha nyumba yake ili kuilisha familia.

Mwaka 1971 Gygax na mwenzake Jeff Perren walitoa Chainmail, kitabu cha kanuni za vita vya enzi za kati. Mwishoni mwake Gygax aliongeza sehemu ya mazimwi na wachawi. Humo, shujaa mmoja alihesabiwa kuwa sawa na watu wanne. Huo ulikuwa mwanzo wa hesabu iliyomshughulisha kwa miaka mingi.

Mwaka uliofuata alitembelewa na Dave Arneson kutoka Minnesota. Arneson alikuwa amefanya jambo jipya: badala ya mchezaji kuongoza jeshi zima, alimpa mhusika mmoja tu, na mhusika huyo aliendelea kukua kutoka kikao hadi kikao. Gygax aliomba maelezo ya mchezo huo, akayapanga na kuyaandika upya. Kwa kuwa hapakuwa na mchapishaji aliyeutaka, mwaka 1973 yeye na rafikiye Don Kaye walianzisha kampuni yao, TSR. Mwezi Januari 1974 nakala 1,000 zikatoka, kila moja ikiuzwa kwa dola 10.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hatapata taabu kuuelewa mchezo huu. Mwamuzi ndiye fanani. Wachezaji ni hadhira tendi, kila mmoja akiwa na mhusika wake, nayo dadu huamua yale ambayo hakuna ajuaye. Kulikuwa na aina tatu za wahusika: mpiganaji, mchawi na kasisi. Mchawi huyu asidhaniwe kuwa yule wa vijijini mwetu anayewadhuru majirani usiku. Ni msomi wa vitabu vya siri. Mwaka 1975 mwizi aliongezwa katika kitabu cha Greyhawk.

Hapo ndipo tatizo lilipozuka. Ikiwa mchawi anaweza kuteketeza kikosi kwa neno moja, nani atakubali kubeba upanga? Gygax hakutaka kuwafanya wote wafanane. Alimpa kila mmoja fadhila na gharama yake. Mchawi alinyimwa deraya, akaachiwa kisu tu. Uhai wake ulipimwa kwa dadu ya pande nne, wa mpiganaji kwa dadu ya pande nane. Katika ngazi ya kwanza alikuwa na tamko moja la uchawi kwa siku; akishalitumia, amebaki mikono mitupu. Kupanda ngazi nako kulikuwa na bei: mwizi alihitaji alama 1,200 za tajriba ili afike ngazi ya pili, kasisi 1,500, mpiganaji 2,000 na mchawi 2,500.

Kwa hiyo mizani ya Gygax ilikuwa ya muda. Mwanzoni mpiganaji alimkinga mchawi dhaifu. Baadaye mchawi aliyenusurika alilipa fadhila. Kuanzia ngazi ya tano mpira wake wa moto ulipimwa kwa dadu tano, na kila ngazi iliongeza dadu nyingine, hali mpiganaji akiendelea kupiga kwa upanga uleule. Udhaifu wa mpango huu ni dhahiri. Ulitegemea mchezo mrefu, lakini wengi hawakufika mbali. Waliofika walimwona mpiganaji akigeuka mpambe wa mchawi.

Mizani ya maisha yake mwenyewe ilikuwa ngumu zaidi. Kaye alifariki mwaka 1975, na hisa za kampuni zikagawanywa upya hata Gygax akakosa wingi. Arneson aliondoka mwaka 1976. Toleo kubwa lililoandikwa na Gygax kati ya 1977 na 1979 lilipotoka, Arneson alikwenda mahakamani kudai haki ya ubunifu wake. Shauri lilimalizwa kwa mapatano mwaka 1981. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: pasipo Arneson kusingekuwa na mhusika wa kupimiwa nguvu, na pasipo Gygax huenda mchezo wenyewe ungebaki katika karatasi za marafiki wachache. Miaka michache baadaye zamu ikawa ya Gygax. Mwaka 1985 alipoteza uongozi wa kampuni aliyoianzisha, na mwaka 1986 akaiacha kabisa. Aliendelea kuandika riwaya na michezo mingine hadi alipofariki nyumbani kwake Lake Geneva tarehe 4 Machi 2008, akiwa na umri wa miaka 69.

Waliomfuata waliijaribu mizani yake. Toleo la mwaka 2000 lilifuta tofauti za alama za kupandia ngazi. Lile la Juni 2008, miezi mitatu baada ya kifo chake, liliwapa wahusika wote muundo mmoja wa uwezo. Wengi walilalamika kuwa sasa mpiganaji na mchawi wana ladha moja, na toleo la mwaka 2014 likarudisha tofauti. Swali la mshona viatu wa Lake Geneva lingali mezani, nalo linamhusu kila atungaye hadithi yenye wahusika wengi: je, haki ni kuwapa wote kipimo kimoja, au ni kuhakikisha kwamba kila mmoja anafikiwa na saa yake ya kuhitajiwa na wenzake?