Metacom: Mtemi Aliyenyimwa Kaburi

Metacom alizaliwa takriban mwaka wa 1638 miongoni mwa Wawampanoag, mashariki mwa nchi iitwayo leo Marekani. Babaye, Mtemi Ousamequin, ndiye aliyefunga mkataba wa amani na Waingereza wa Plymouth mwaka wa 1621, na vitabu humsifu kwa hilo. Mwana huitwa adui tu, na hapo ndipo waandishi wengi wa historia walipomdhulumu.

Mwaka wa 1660 kaka yake, Wamsutta, aliliomba baraza la Plymouth majina ya Kiingereza, naye Metacom akaitwa Philip. Ilikuwa adabu ya ujirani, wala si kujidunisha. Adabu hiyo haikulipwa. Wamsutta alifariki ghafla mwaka wa 1662 baada ya kukamatwa na kuhojiwa na Waingereza, na Metacom akarithi utemi ambao ardhi yake ilikuwa ikimegwa kila uchao. Nguruwe wa walowezi waliharibu mahindi ya watu wake. Mwaka wa 1671 akalazimishwa kusalimisha bunduki. Juni 1675, watu wake watatu walipohukumiwa kifo kwa madai ya kumwua mkalimani Mkristo, John Sassamon, vita vikazuka.

Metacom alipigwa risasi tarehe 12 Agosti 1676 na mwenyeji aliyewatumikia Waingereza. Mwili wake ulikatwa vipande, na kichwa kikatundikwa mtini mjini Plymouth kwa zaidi ya miaka 20. Ama mwanawe, mtoto wa yapata miaka tisa, wachungaji wa makanisa walipekua Biblia wapate kujua kama yafaa auawe! Hatimaye aliuzwa utumwani ng'ambo.

Neno pauwau lilikuwa jina la mganga wa watu hao, na sheria ya Massachusetts ya mwaka wa 1646 ilimtoza faini aliyefanya uganga huo. Leo ni jina la mkutano wa ngoma ambao Wawampanoag wa Mashpee huufanya kila Julai. Asiyeijua historia hii atadhani ni burudani ya watalii. Lugha yao nayo, iliyokosa wasemaji kwa zaidi ya karne moja, ilianza kufufuliwa mwaka wa 1993, kwa msaada wa Biblia iliyochapishwa kwa lugha hiyo mwaka wa 1663.

Huko Bermuda, wakazi wa kisiwa cha St David's wamesimuliana kwa vizazi kwamba wametokana na mateka wa vita vile. Mwaka wa 2002 jamaa zao kutoka Marekani waliwazuru, wakacheza ngoma pamoja.